Lenzi ya bei nafuu, fundi je?

Ikiwa unapata riziki yako kwa kupiga picha pale Kalamba, au una kijana nyumbani anayetaka kuianza kazi hiyo, huenda umewahi kuonyeshwa lenzi ya mtumba kwa bei ya kutamanisha. Pengine fedha zenyewe ni mkopo wa chama, au ni za maembe yaliyouzwa msimu uliopita. Kabla hujazitoa mfukoni, jiulize: siku lenzi hii itakapoharibika, nani ataitengeneza, na kwa vipuri gani?

Swali hili lina uzito sasa kuliko zamani. Kampuni ya Canon ilianza kuuza lenzi za EF mwaka wa 1987. Mnamo 2018 ilileta kamera za R, ambazo zina lenzi zake za aina nyingine, nayo Nikon ikaleta zake za Z mwaka huo huo. Wapigapicha wengi waliohamia huko wanaziuza zile za awali, na ndiyo sababu bei zimeshuka.

Bei ikishuka, mnunuzi hufurahi. Lakini kiwanda kinapoacha kutengeneza lenzi, huweka akiba ya vipuri kwa miaka kadhaa tu. Akiba hiyo ikiisha, ukiipeleka lenzi yako hurudishiwa vivyo hivyo. Huko Japani, Canon hutoa orodha inayoonyesha ni lini matengenezo ya kila aina yatakoma.

Wakati mwingine kampuni nzima huondoka. Konica Minolta iliaga biashara ya kamera mwaka wa 2006 na kuiachia Sony kazi hiyo. Sony nayo ikaacha kutengeneza kamera za aina hiyo mwaka wa 2021. Samsung ilizindua kamera zake za NX mwaka wa 2010, lakini kabla ya miaka kumi kutimia ilikuwa imejiondoa sokoni.

Huenda ukasema kwamba kioo hakizeeki. Ni kweli, lakini lenzi za siku hizi si vioo peke yake. Ndani mna mota ndogo ya kulenga, na tundu la mwanga linalofunguka na kufunga kwa umeme. Chukua mfano wa Canon EF 24-105mm f/4L ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 2005. Ni lenzi nzuri mno, lakini utepe mwembamba unaopeleka umeme kwenye tundu hilo hukatika baada ya kukunjwa mara nyingi. Hapo kamera huandika Err 01 na kukataa kupiga. Kitu chembamba kama karatasi kimesimamisha kazi nzima!

Je, tuzikimbie lenzi za zamani? La hasha. Lililo muhimu ni kununua ile iliyouzwa kwa wingi. Lenzi hiyo ya 24-105 iliuzwa pamoja na kamera nyingi za EOS 5D. Kwa sababu hiyo utepe wake hutengenezwa hata na viwanda vingine, na fundi hodari wa Nairobi anaweza kung'oa kipuri kutoka kwa nyingine iliyokufa. Lenzi adimu haina bahati hiyo. Isitoshe, ukiwa na adapta, lenzi za EF hufanya kazi hata kwenye kamera za R.

Unapokwenda kununua, chukua kamera yako mwenyewe. Punguza tundu la mwanga hadi f/11, kisha upige picha nyingi huku ukivuta lenzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mulika tochi ndani yake. Ukiona utando kama wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Sikiliza kama kuna mkwaruzo wa mchanga, maana vumbi la barabara zetu halina huruma. Dai risiti yenye nambari ya lenzi, na mwandikiane siku za kuijaribu. Kisha mpigie fundi simu kabla ya kulipa, umtajie jina kamili la lenzi.

Halafu piga hesabu. Tuseme lenzi ni shilingi 40,000, nawe hubakiwa na shilingi 2,000 kwa kila sherehe baada ya nauli na uchapishaji. Utahitaji sherehe 20 ndipo uanze kuona faida. Ikiwa unaitwa mara mbili kwa mwezi, hiyo ni miezi kumi. Je, lenzi itafika huko? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho, usiende kazini na lenzi moja. Hata ile ndogo ya 50mm, isiyo ghali, iwe ndani ya mkoba. Mbuzi wa ntheo wakishafikishwa kwa wakwe, hawarudishwi njiani kwa sababu kamera ilikwama. Wala nyanya aliyeketi kando ya bibi harusi leo hatakuwepo kila mara. Wenyeji watakusamehe deni, lakini picha ambayo haikupigwa hailipiki.

Tukutane tena Jumapili ijayo.