Bukavu: Jenereta ni ya nyumba moja, hatari yake ni ya mtaa mzima

Kila mara umeme wa SNEL unapokatika jioni katika komini za Kadutu, Ibanda na Bagira, giza linapokelewa na sauti za jenereta. Moja inalia mbele ya saluni, nyingine kwenye duka la vinywaji baridi, nyingine nyuma ya nyumba ambako watoto wanangoja taa ili wamalize kazi za shule. Hakuna sababu ya kuwalaumu wakaaji kwa hilo. Mji unategemea mitambo ya mto Ruzizi tangu zamani, na watu wameongezeka kuliko umeme.

Kinachopaswa kulaumiwa ni namna umeme wa jenereta unavyoingizwa ndani ya nyumba. Fundi wa mtaani anachukua waya mmoja na kufunga fishi dume kila upande. Fishi moja inachomekwa kwenye jenereta, nyingine kwenye prizi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Kazi ni ya dakika chache na pesa kidogo. Ndiyo maana inapendwa, na ndiyo maana ni vigumu kuikomesha.

Hatari ya kwanza iko mkononi. Fishi ya ukutani ikichomoka huku jenereta inalia, meno yake yanabaki wazi na volti 220 ndani yake. Mtoto akiigusa, amekwisha.

Hatari ya pili iko nje ya nyumba. Kama dijonkta kuu haikuzimwa, umeme wa jenereta unapita kwenye konteri na kurudi kwenye nyaya za SNEL hadi kwenye kabini ya mtaa. Kabini inayoshusha umeme kutoka maelfu ya volti hadi 220 inaweza pia kuupandisha ukija kwa njia ya kinyume.

Wengine wanajitetea kwamba jenereta ndogo haiwezi kubeba majirani wote, itazimika yenyewe. Mara nyingi ni kweli. Lakini waya ukikatika karibu na nyumba yenye jenereta, hakuna majirani wa kubebwa. Jenereta inaendelea kulia bila taabu. Na pale waya ulipokatika ndipo fundi wa SNEL anapopanda nguzo, akiamini kwamba waya anaoushika umekufa.

Hatari ya tatu ni SNEL kurudisha umeme bila taarifa. Umeme wa aina mbili ukikutana kwenye waya mmoja, jenereta inaweza kuungua, na nyumba nayo. Bukavu inajua vizuri moto ni nini. Kwenye miteremko ambako nyumba za mbao zimegusana, moto hauulizi ulianzia kwa nani.

Mwenye nyumba atasema: “Mimi huzima dijonkta kwanza.” Siku akiwa safarini, nani atazima? Mara nyingi anayewasha jenereta ni kijana wa nyumbani, gizani, huku watu wanampigia kelele kwamba mpira umeanza. Usalama unaotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja si usalama.

Dawa inajulikana. Ni inversa, kifaa chenye nafasi tatu: SNEL, sifuri na jenereta. Kikiwa upande mmoja, upande wa pili umekatwa kabisa, hata aliyeshika ni mtoto. Bei yake ni ndogo kuliko ya jenereta yenyewe. Asiye na pesa hiyo achukue ralonji nzima, aichomeke kwenye jenereta, na taa ao televisheni ichomekwe moja kwa moja kwenye ralonji. Prizi ya ukutani asiiguse.

Waya wa ardhi nao unasahauliwa. Jenereta inayolisha nyumba inahitaji fimbo ya shaba iliyopigwa ndani ya udongo, si msumari juu ya saruji. Tena nyutro ya jenereta ifungwe pamoja na ardhi mahali pamoja tu. Bila hivyo, dijonkta ya usalama inaweza isikate umeme unapovuja. Kazi hii si ya kubahatisha, ni ya fundi aliyesoma.

Kuna pia fundi anayekaza skrubu ya mwendo wa injini kwa sababu taa zimefifia. Jenereta nyingi zinapaswa kuzunguka mara 3000 kwa dakika ili zitoe umeme wa mzunguko 50. Ukipita hapo, volti inapanda na televisheni inaungua. Mara nyingi taa zinafifia kwa sababu ya mzigo. Zile ndogo zinazoitwa 950 zinabeba wati 650 hivi, na pasi peke yake inaweza kupita 1000. Dawa ni kuchomoa pasi.

Tena jenereta isilale ndani ya nyumba wala kwenye korido kwa kuogopa wezi. Moshi wake una hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Heri kuifunga kwa mnyororo nje, mbali na milango na madirisha. Na esansi isiongezwe kabla injini haijazimwa na kupoa.

SNEL ina sehemu yake: kutangaza saa za kukata na kurudisha umeme, na kuwapa mafundi wake vyombo vya kupima waya kabla ya kuushika. Lakini wakuu wa avenyu wanaweza kuanza kesho kulisema jambo hili katika mikutano, wenye nyumba wanaweza kuwakataza wapangaji, na mafundi wa mtaani wanaweza kukataa kufunga waya wa fishi mbili. Fundi aliye juu ya nguzo amepanda ili kuurudishia mtaa umeme. Haki yake ni kushuka akiwa mzima.