Vitabu vya Kale vya Kikristo Vitoke Makabatini

Tangu mwaka 1891, Mapadre Weupe walipojenga misheni Ushirombo, mahali palipo leo ndani ya Jimbo Katoliki la Kahama, vitabu vingi vya dini vimepita mikononi mwa makatekista wa Usumbwa na Usukuma, na nakala zilizosalia makabatini zina mahasimu wawili, mchwa na mvua. Rai yangu ni kwamba makanisa yote, pasipo kubaguana kwa madhehebu, yashirikiane kuvinakili na kuvihifadhi katika maktaba moja ya intaneti, ili asomaye kwa simu machimboni asipungukiwe na kile akipatacho asomaye seminarini.

Kwa vitabu vya waandishi wa kale, sheria haizuii: hakimiliki ya Tanzania hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na Askofu Edward Steere wa Zanzibar, aliyefasiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiswahili, alifariki 1882. Taabu iko kwingine. Mashine ya kugeuza picha za kurasa kuwa maandishi husoma hati chakavu kwa makosa, na tahajia ya zamani huizidishia tashwishi, hata ikawa hapana budi kila ukurasa usahihishwe na mtu mwenye subira (na subira, wallahi, haiuzwi dukani).

Maaskofu na wachungaji wa Kahama, fungueni makabati hayo, mkagawane kurasa.