Filamu Zinazoona Aibu Kuimba

"Mjomba, mbona unacheka? Mtu anakufa huyo!"

Aliyeniuliza ni mpwa wangu. Kwenye televisheni alikuwepo Russell Crowe, kavaa sare ya inspekta wa polisi wa Ufaransa, anaimba ukingoni mwa daraja kabla ya kujirusha mtoni. Filamu yenyewe ni Les Misérables ya 2012. Ukweli ni kwamba sikukusudia kucheka. Lakini bwana yule alikuwa akiimba kama mtu aliyelazimishwa kusoma risala kwenye harusi ya adui yake, na kicheko kikanitoka.

"Basi wewe hupendi tu filamu za kuimba," mpwa akahitimisha.

Hapana, jamani. Jibu hilo nimelichoka. Kila ukilalamikia filamu iliyotokana na tamthilia ya nyimbo, unaambiwa huna moyo wa nyimbo. Mimi nimelelewa na mashangazi wa taarab! Nimemwona mama mtu mzima akiinuka kitini, noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji huku jicho likiwa kwa jirani yake, kwa sababu ubeti umemsemea yaliyomkaa rohoni. Ukumbini pale hakuna aliyewahi kuuliza, "Kwa nini huyu asiseme tu, mpaka aimbe?" Kwa hiyo mtu akipasuka kuimba katikati ya maneno, mimi sishangai hata kidogo.

Kinachonikera ni kwamba filamu hizi zenyewe zinaona aibu kuimba. Jukwaani kuna mapatano: mwimbaji anakugeukia wewe uliyekaa gizani, nawe unakubali kwamba kwa dakika nne zijazo wimbo ndio mazungumzo. Kamera haikuwepo kwenye mapatano hayo. Inataka kuonyesha mtaa wa kweli, matope ya kweli, jasho la kweli. Mwongozaji anaogopa mtazamaji atauliza "huyu anaimbia nini?", basi anaanza kuomba radhi kabla hajaulizwa.

Tazama Tom Hooper alivyofanya kwenye hiyo Les Misérables. Waigizaji wake waliimba palepale mbele ya kamera, piyano ikiwajia kupitia vifaa vidogo vya sikioni, ili waweze kulia, kukwama na kunong'ona kama watu wa kweli. Kwa Anne Hathaway ilifaa, nakiri. Kamera imemganda usoni, wimbo mzima, na Oscar aliyopewa sina ugomvi nayo. Lakini filamu ina zaidi ya saa mbili na nusu, na karibu kila mtu analia hivyohivyo, pua karibu iguse kioo. Chozi la kwanza lilinichoma. La kumi nikaenda kuchemsha chai.

Halafu mtu huyohuyo akatuletea Cats mwaka 2019. Jukwaani London, tangu 1981, watu walivaa mavazi ya kubana, wakajipaka rangi usoni, na ukumbi mzima ukakubali kwamba hao ni paka. Filamu haikutuamini. Ikawabandika waigizaji manyoya ya kompyuta, nyuso zikabaki za watu, na matokeo yake si paka wala binadamu. Filamu ikiwa tayari inaonyeshwa, ikabidi kumbi zitumiwe nakala nyingine yenye marekebisho ya picha. Kwani nani aliwaomba manyoya?

Kuna aibu ya tatu, ya sokoni. Tangazo la kwanza la Mean Girls ya 2024 lilikwepa kuonyesha wahusika wakiimba, utadhani nyimbo ni deni la familia lisilotakiwa kujulikana. Unauza samaki, unaficha samaki! Na Wicked ya mwaka huohuo? Jukwaani hadithi yote inaisha kwa takriban saa mbili na dakika arobaini na tano, mapumziko yakiwemo. Filamu imetumia karibu muda huohuo kusimulia nusu yake tu, kisha ikatuambia turudi mwaka ujao na tiketi nyingine.

Wapo waliofaulu, na hawakuomba radhi. Bob Fosse, kwenye Cabaret ya 1972, alizitupa nyimbo nyingi za jukwaani akabakiza karibu zile tu zinazoimbwa ndani ya klabu, mahali ambapo kuimba ni kazi. Chicago ya 2002 iliziweka nyimbo kichwani mwa Roxie, mwanamke anayeota kuwa nyota. Na kabla ya wote hao, kwangu mimi ipo Sarafina! Tamthilia ya Mbongeni Ngema ilianza Johannesburg mwaka 1987, ikafika Broadway, ikawa filamu mwaka 1992, na Leleti Khumalo aliyeibeba jukwaani ndiye aliyeibeba kwenye filamu. Niliiona kwa mkanda wa video, kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi. Wanafunzi wa Soweto wakaimba, na kibanda kikaimba nao bila hata kujua Kizulu. Watu wale waliimba kweli kwenye maandamano na mazishi yao, na filamu haikuona haya kuwaacha waimbe.

Najua mtaniambia: angalau filamu inatufikishia sisi tusio na nauli ya London wala New York. Naam, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Wengi wetu hatutaingia Broadway hadi tunazikwa. Filamu ndiyo jukwaa pekee tutakaloliona, kwa hiyo ikiharibika hatuna pengine pa kwenda kulinganisha. Tunabaki tukiamini kwamba tamthilia yenyewe ndivyo ilivyo. Hamilton ilirekodiwa jukwaani kwake mwaka 2016, ikatolewa 2020, makofi ya watu yanasikika, na niliiangalia mpaka mwisho bila kwenda jikoni. Ama turekodieni jukwaa lilivyo, ama tutengenezeeni sinema isiyojionea haya.

Mpwa hajakubali. Alilia kweli siku ile, na chozi lake silidharau. Ila nimemdai deni moja: Jumamosi ijayo tunatazama Sarafina! pamoja. Nitakayekuwa namwangalia ni yeye, nione kama atakaa kimya.