Jarife la Kizimkazi na kopo la jodari la Tonawanda

Tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani imeanza kutumia kanuni iliyokuwa ikisogezwa mbele mwaka baada ya mwaka: samaki wa biashara asiingie nchini humo ikiwa uvuvi uliomtoa unaua pomboo, nyangumi na mamalia wengine wa baharini kupita kiasi ambacho wavuvi wa Marekani wenyewe wanaruhusiwa. Msingi wake ni sheria ya kuwalinda mamalia wa baharini ya mwaka 1972. Kanuni ya samaki wanaotoka nje iliandikwa 2016, na NOAA, idara inayosimamia mambo ya bahari na uvuvi, ilipotoa majibu yake mwaka 2025 iliukataa uvuvi wa aina 240 kutoka nchi 46.

Mimi naishi Tonawanda, kando ya Mto Niagara, kaskazini ya Buffalo. Maji ya chumvi yako mbali na hapa. Waswahili wa upande huu, wengi wao ndugu zetu wa Kongo na Wabantu wa Kisomali, tunakula samaki wa barafu na jodari wa kopo kama kila mtu. Basi habari hii ilipotoka, watu wa Unguja na wa Maskati waliniuliza swali moja: je, sheria ya Wamarekani itawaokoa pomboo wetu?

Jibu langu ni kwamba itawasaidia kidogo sana, na khasa wale wa Kizimkazi haitawagusa kabisa.

Tuanze na namna wanavyokufa. Pomboo si samaki. Anavuta pumzi kama sisi, na lazima apande juu kila baada ya dakika chache. Jarife hutegwa jioni na kuachwa usiku kucha, mengine yakielea na mkondo, mengine yakikaa chini, kungojea papa, nguru na jodari. Pomboo anawafuata samaki hao hao. Akinasa mkia au pezi kwenye nailoni, hapandi tena. Mvuvi hakumtaka, hana soko naye, na wavu wake umechanika. Ndiyo maana sipendi kumsikia mtu wa ofisini akizungumza kana kwamba mvuvi ni mhalifu. Alfajiri ile kila mmoja amepata hasara, isipokuwa hasara ya pomboo haina siku ya kulipwa.

Kwa upande wa Zanzibar tuna bahati ya kuwa na watu waliohesabu. Omar Amir na Narriman Jiddawi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, pamoja na Per Berggren kutoka Sweden, walianza kuchunguza suala hili zaidi ya miaka 20 iliyopita, kijiji kwa kijiji, wakiwauliza wavuvi wa majarife. Katika maji ya kusini ya Unguja, mbele ya Kizimkazi, utafiti uliochapishwa 2006 ulikadiria pomboo wa pwani 136 hadi 179 wa aina ile inayoonekana zaidi, na wale wenye nundu 58 hadi 65 tu. Soma tena tarakimu hizo. Wanafunzi wa skuli moja ya kijijini ni wengi kuliko hao. Kisha kazi ya Amir ikaonyesha kwamba nyavu zilikuwa zikichukua zaidi ya asilimia 9 ya kundi la kwanza kwa mwaka, na asilimia 6 hivi ya kundi la pili. Mama wa pomboo hubeba mimba kiasi cha mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na humnyonyesha kwa miaka kabla ya kuzaa mwingine. Kundi linalozaa polepole namna hiyo haliwezi kuziba pengo la ukubwa huo.

Wengi wetu tunakumbuka Aprili 2006, pale pomboo wapatao 400 walipokutwa wamekufa Nungwi. Dunia nzima ilipiga picha. Lakini jarife huua mmoja leo, mmoja wiki ijayo, na hakuna anayepiga picha.

Na huo ni ukingo mmoja tu wa bahari yetu. Mwaka 2020 kundi la watafiti, Charles Anderson akiwa mbele yao, lilichapisha makadirio ya Bahari ya Hindi nzima: kati ya 1950 na 2018 nyavu za jodari ziliua pomboo na jamaa zao wadogo wapatao milioni 4.1. Kilele kilikuwa miaka ya 2004 hadi 2006, karibu 100,000 kwa mwaka. Baadaye idadi ikashuka hadi kama 80,000, ilhali nyavu zilizidi kuongezeka. Hiyo si habari njema. Wanaokufa wamepungua kwa sababu waliobaki ni wachache. Watafiti hao wanakadiria kuwa wamebaki asilimia 13 ya wale waliokuwapo kabla ya uvuvi huo. Nchi tisa ndizo zenye karibu vifo vyote. Iran inaongoza, na ndani ya orodha hiyo zimo Oman, Imarati na Tanzania. Yaani nchi ya babu, nchi ya kazi na nchi ya kuzaliwa, zote tatu.

Sasa turudi kwenye sheria ya Marekani. Nguvu yake ni soko. Ilifanya kazi, au ilijaribu, huko Mexico, ambako vaquita, pomboo mdogo kuliko wote, alihesabiwa kuwa na wenzake 567 mwaka 1997 na leo hawazidi kumi hivi. Mwaka 2018 mahakama ya biashara ya Marekani iliamuru kamba na samaki wa Mexico waliovuliwa kwa nyavu za aina hiyo katika makazi ya vaquita wasiingie. Amri ilichelewa. Hata hivyo palikuwa na kitu cha kuzuia: kamba wale walikuwa njiani kwenda kwenye sahani za Marekani.

Nguru wa Kizimkazi anakwenda wapi? Anakwenda Malindi mnadani, Darajani, mahotelini, na kwenye sufuria ya mchuzi wa nazi. Huku Tonawanda hafiki. Samaki wengi wa Oman nao huliwa Oman kwenyewe au huvuka mpaka kwa gari la barafu kwenda Dubai. Ukifunga mlango wa New York, mvuvi wa Sur au wa Makunduchi hatasikia hata kishindo. Wanaosikia ni wenye makampuni ya kusafirisha nje, na wao watatafuta mnunuzi mwingine.

Sheria ya kanda nayo ina tundu kubwa. Tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, imepiga marufuku nyavu za kuelea zinazozidi kilomita 2.5 katika eneo lake lote tangu 1 Januari 2022. Ni hatua ya maana kwa meli kubwa. Majarife ya mashua zetu mengi hayafiki urefu huo, kwa hiyo yanapita chini ya marufuku bila kuvunja sheria yoyote.

Kuna njia mbili zilizojaribiwa. Ya kwanza ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye wavu na kulia majini ili pomboo ashtuke. Marekani ililazimisha vifaa hivyo kwa wavuvi wa pwani yake ya kaskazini-mashariki kuanzia 1999, na vifo vya pomboo wa huko vikashuka sana. Baada ya miaka michache wavuvi wakalegea, na vifo vikapanda tena. Ikiwa nchi yenye boti za doria na faini imeshindwa kuwashika watu, nani atamkagua mvuvi wa Mkokotoni saa nane za usiku? Tena betri ni pesa.

Ya pili naipenda zaidi. Wavuvi wa jodari wa Pakistan, wakishirikiana na WWF ya huko, walirefusha kamba za maboya na kuushusha wavu kiasi cha mita mbili chini ya uso wa maji. Pomboo walionaswa walipungua sana, na jodari waliendelea kupatikana. Gharama yake ni kamba. Haiwezi kusaidia jarife la chini, lakini kwa lile la kuelea, sioni kwa nini isijaribiwe Ghuba ya Menai, ambayo ni eneo la hifadhi tangu 1997 na ina kamati za wavuvi zinazojuana kwa majina.

Oman nako pana uzoefu wa kuutumia. Kila mwaka, 15 Agosti hadi 15 Oktoba, uvuvi wa nguru hufungwa, na watu wamezoea. Kufunga sehemu fulani kwa majira fulani, kwa mfano karibu na Masirah na Hallaniyat, si jambo geni kwa mvuvi wa Kiomani. Huko si pomboo tu: nyangumi wenye nundu wa Bahari ya Uarabuni, ambao hawahami kama wenzao na waliokadiriwa kuwa chini ya 100 katika maji ya Oman, wana makovu ya nyavu. Katika picha za mikia yao, kiasi cha thuluthi au zaidi wanaonyesha dalili za kuwahi kunaswa.

Linabaki suala la nani alipe. Kizimkazi pomboo walichomwa chusa kwa ajili ya chambo cha papa hadi katikati ya miaka ya 1990. Watalii walipoanza kuja kuwatazama, pomboo hai akawa na thamani kuliko nyama yake. (Boti kumi kumzunguka mama na mtoto wake ni balaa jingine, tuliweke kando.) Lakini fedha ya mtalii huingia kwa mwenye boti na mwenye hoteli, na hasara ya kuacha jarife humwangukia mwenye jarife. Mara nyingi si mtu mmoja. Sehemu ya kila tiketi ya boti ikinunua kamba za kushushia nyavu, hesabu itakuwa ndogo kuliko bei ya mafuta ya safari moja, na haihitaji ruhusa ya Washington.