NYUMBA YETU: Tupime batri, tusipeleleze watu



Mwezi huu tunazungumza juu ya batri ya nyumbani, ile inayotusaidia wakati wa delestaje. Inchi yetu haikukosa maji yenye nguvu. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Lile la Nseke, kwenye Lualaba, lilianza mwaka 1956. Tena mwaka 1982 walimaliza line kubwa ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, safari ya kilometre karibu 1.700. Lakini migodi inakula umeme mwingi, mashine zinazeeka, na watu wanazidi katika miji. Basi jioni giza inaanguka, na kila mutu mwenye uwezo anatafuta batri, sarjeri na ondilere.

Ni jambo zuri. Lakini pamoja na batri, ugomvi nao umeingia nyumbani. Papa anauliza: "Nani alimaliza batri?" Mama anasema ni batoto. Batoto banasema ni televizio ya papa. Na yule binti anayejitayarisha kwa mutihani wa Serikali anafunga kitabu chake kwa sababu haoni kitu. Kila mutu anasema "si mimi," na hakuna anayeweza kuonyesha ukweli. Pahali pasipo kipimo, mwenye sauti kubwa ndiye anashinda.

Tuhesabu pamoja

Tutwae batri moja ya maji, ya volti 12 na ampere-saa 100. Ukizidisha, unapata wati-saa 1.200. Lakini batri ya namna hii haipendi kumalizwa yote. Ukiimaliza kila usiku, itakufa mapema. Ni vizuri kutumia nusu tu, ni kusema 600. Ondilere nayo inakula sehemu yake, kwa hiyo tuseme inabaki kama 520.

Televizio ya wati 60 na ampule ine za wati 9 zinafanya karibu wati 100. Ukiwasha saa kumi na mbili ya magaribi, saa tano ya usiku umefika mwisho. Pasi ya umeme ya wati 1.000 ingemaliza ile ile kazi kwa nusu saa. Kwa hiyo nguo zipigwe pasi wakati umeme wa inje uko, ao kwa pasi ya makaa. Lakini ampule moja ya mwanafunzi kwa saa ine inakula wati-saa 36 tu. Munaona? Si mutoto mwenye kusoma ndiye anamaliza batri.

Namna ya kupima

Njia ya kwanza ni rahisi: multimetre ndogo na daftari. Zima vyote, toa sarjeri, acha batri ipumzike saa chache, kisha pima. Volti 12,7 inaonyesha imejaa. Volti 12,2 ni karibu nusu. Ikishuka chini ya 11,9, iko karibu tupu. Usipime wakati televizio inawaka ao sarjeri inafanya kazi, kwa maana namba ile itakudanganya.

Njia ya pili ni ya siku hizi. Fundi anaweka kipimo kwenye fili nyeusi ya batri, nacho kinahesabu umeme wote unaoingia na unaotoka. Habari inakwenda kwa telefone, ao kwa ordinateri ndogo ya nyumbani. Kuna programu ya bure inayoitwa Home Assistant, iliyoanza mwaka 2013. Inaweza kufanya kazi ndani ya nyumba hata intaneti ikikatika. Ukiweka na prize zinazotii programu hiyo, unaweza kuiagiza: batri ikifika nusu, zima televizio, acha ampule ya masomo.

Lakini mujue kwamba mulinzi naye anakula. Ordinateri ndogo na kifaa cha Wi-Fi vikitumia wati 10 usiku wote wa saa kumi, wati-saa 100 zimekwenda. Kwa mwenye batri moja, multimetre na daftari ni akili zaidi.

Tena, hakuna telefone itakayokuambia kila hatari. Batri ya maji ikiingiza umeme inatoa gazi inayoweza kulipuka. Iwekwe pahali penye hewa, mbali na mushumaa na makaa, wala isikae katika chumba cha kulala. Iongezwe maji ya batri yaliyosafishwa, si ya robine.

Kupima si kupeleleza

Sasa tusikilize vizuri. Tuseme papa iko kazini usiku, huko mugodini. Anaangalia telefone yake saa saba ya usiku na kuona batri inashuka. Anapiga simu kwa hasira: "Nani anacheza na umeme wangu?" Kumbe mama amewasha taa kwa sababu mutoto iko na homa. Namba ilisema kweli kwamba taa inawaka, lakini haikusema kwa nini. Kipimo kinajua wati. Hakijui mutoto mugonjwa. Mume akitumia namba kama fimbo, mwisho wake muke ataogopa hata kuwasha taa katika nyumba yake mwenyewe.

Kwa hiyo kipimo kionekane na wote. Muandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani: kwanza masomo na mugonjwa, kisha telefone, kisha radio, na televizio mwisho. Papa naye awe chini ya sheria ile, hata siku ya mupira.

Na jirani mujane akileta telefone yake kuingiza umeme? Telefone moja inakula kama wati-saa 15 ao 20. Yule asiyepima anaogopa na kukatala. Aliyepima anajua kwamba iko na cha kugawanya.

Someni Matayo 25:1-13. Wale mabikira kumi wote walikuwa na taa, na wote walisinzia. Tofauti ilikuwa mafuta, na mafuta yanaangaliwa mbele ya usiku, si kati ya usiku. Mungu ametuweka kuwa wasimamizi wa vitu vidogo. Tuviangalie pamoja, kwa upendo, na giza ikija itukute katika amani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwetu, nani anakosa taa kwanza umeme ukipunguka? Ni haki?
2. Ni vyombo gani vinakula zaidi? Tuhesabu wati zao pamoja na watoto.
3. Ni nini tena tunaangalia nyumbani kusudi tulaumu, pahali pa kusaidia?