Mipango ya Jumuiya ni mingi, tuchorewe ramani yake

Mwaka jana nikiwa Tunduma, mama mmoja kutoka Kenya anayepeleka sabuni Zambia alinishika mkono. "Mwanangu, si wewe unayeandika habari za Jumuiya? Hebu niambie, katika mipango yote mnayotutangazia, ni upi unaonihusu mimi leo?"

Nilimweleza habari za Soko la Pamoja, sarafu moja na Eneo Huru la Biashara Afrika. Alinisikiliza kwa adabu, akakaza kamba za mzigo wake, akaondoka. Nilijua moyoni kwamba sikumjibu.

Nimelifikiria swali lake tangu siku ile, na nimeona kuwa tatizo letu si uhaba wa mipango. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Dira ya 2050. Chini yake upo mkakati wa maendeleo wa kila miaka mitano. Ule wa sita ulianza 2021/22 kwa kipindi kinachofikia 2025/26. Pembeni kuna itifaki za Umoja wa Forodha, Soko la Pamoja na Umoja wa Fedha. Kila nchi nayo ina dira yake: Kenya ya 2030, Uganda ya 2040, Rwanda na Tanzania za 2050. Juu ya zote ipo Ajenda 2063 ya Umoja wa Afrika.

Kinachokosekana ni ramani. Mfanyabiashara hana karatasi moja inayomwonyesha mpango upi unaushika upi, upi unaukanyaga upi, na nani anawajibika pale miwili inapogongana.

Turudi kwa yule mama. Sabuni yake ya Kenya huingia Zambia kwa cheti cha uasili wa bidhaa cha COMESA, kwa kuwa nchi zote mbili ni wanachama. Tuseme akipita Mbeya ananunua mchele wa Tanzania na kuupakia kwenye gari hilo hilo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, ila imo SADC pamoja na Zambia. Mchele huo unahitaji cheti cha SADC, maana cheti hufuata asili ya bidhaa, si uraia wa mwenye mzigo. Na kile cheti rahisi cha Jumuiya kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, alichokizoea Namanga, hakimsaidii hapo, kwa sababu Zambia si mwanachama wetu. Gari ni moja na mpaka ni mmoja, lakini vitabu vya kanuni ni viwili.

Wakuu wetu waliliona tatizo hilo. Mkataba wa utatu wa COMESA, Jumuiya na SADC ulitiwa saini Juni 2015, ukaanza kutumika Julai 2024. Katika miaka hiyo tisa Eneo Huru la Afrika lilisainiwa Kigali mwaka 2018, na biashara chini yake ikafunguliwa rasmi Januari 2021. Mpango wa bara zima uliuacha nyuma mpango wa ukanda uliokusudiwa kuwa ngazi yake. Sisemi mmoja wao ni mbaya. Nasema mtu wa mpakani anastahili kuelezwa atumie upi, kwa bidhaa gani, na kuanzia lini.

Mgongano mwingine wauza mitumba hawajausahau. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walielekeza uagizaji wa nguo kuukuu upunguzwe hadi ukome, ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Ulikuwa mpango wa viwanda. Lakini nchi hizo hizo zilikuwa zinategemea mpango mwingine, ule wa AGOA wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani walipolalamika, Washington ilianza kuchunguza kama tunastahili kubaki. Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye AGOA.

Mtu anaweza kuisifu Rwanda au kuwasifu waliorudi nyuma. Mimi nauliza jambo dogo zaidi: siku uamuzi ule unaandikwa, nani aliiweka mipango hiyo miwili juu ya meza moja? Waliolipa gharama ya kutoulizana ni wenye marobota, ambao kwa miaka miwili hawakujua kama wanunue mzigo au wabadilishe biashara.

Sarafu moja ni hivyo hivyo. Itifaki yake ilisainiwa Kampala Novemba 2013 kwa lengo la 2024, na sasa tunaambiwa 2031. Kuahirisha si dhambi. Ila tarehe moja ikisogea, mipango mingapi iliyoiegemea inasogea nayo? Anayebadilisha shilingi kila wiki Busia au Mutukula hajaambiwa.

Najua maofisa watasema mipango tayari imeunganishwa, kwamba mkakati wa miaka mitano unatokana na Dira, na Dira inazingatia Ajenda 2063. Ni kweli, kutoka juu kwenda chini inajuana. Isipojuana ni ubavuni: idara kwa idara, itifaki kwa itifaki, Arusha na makao makuu mengine. Na mfanyabiashara huumia ubavuni.

Wengine wataogopa kwamba ramani itakuwa kitabu kingine cha kurasa mia mbili. Hapana. Naomba ukurasa mmoja wenye safu nne: shughuli, mwenye dhamana, tarehe ya mwisho, na mipango mingine inayoguswa. Urekebishwe kila Julai, pale viwango vipya vya ushuru vinapoanza baada ya kutangazwa katika Gazeti la Jumuiya, maana kila mwaka nchi huomba ruhusa ya kutofuata ushuru wa pamoja kwa bidhaa fulani. Ubandikwe katika kila kituo cha huduma kwa pamoja mpakani. Na uandikwe kwa Kiswahili, ambacho wakuu wa nchi walikipitisha kuwa lugha rasmi ya Jumuiya Februari 2021.

Mkakati wa saba ndio mahali pa kuanzia. Kabla ya kuongeza lengo jipya hata moja, uonyeshe kwanza yaliyopo yanakutana wapi, yanarudiana wapi na yanapingana wapi. Yanayorudiana yaunganishwe. Yanayopingana yaamuliwe hadharani.

Nanyi wafanyabiashara msisubiri. Vyama vyenu vya mipakani vina njia ya kufika Baraza la Biashara la Afrika Mashariki na kwa wabunge wenu wa Arusha. Andikeni kila mlipokutana na kanuni mbili kwa mzigo mmoja: mpaka, bidhaa, tarehe, karatasi mliyodaiwa. Orodha hizo zikikusanywa kutoka Malaba hadi Rusumo, nusu ya ramani itakuwa imeshachorwa, na imechorwa na watu wanaoijua njia.

Siku hiyo nitarudi Tunduma kumtafuta yule mama, nikiwa na jibu la maneno machache.