Fundo Lisilofunguka

Wako watu wasemao kuwa kitu kikiifanya kazi iliyokusudiwa kimetimiza wajibu wake wote, na kwamba kuuliza juu ya mwisho wake ni kuisumbua elimu bure. Nalikataa neno hilo, na sababu zangu nazitoa katika vitu vinavyotengenezwa sasa kwa ajili ya kuhifadhi joto.

Itazame barafu, msomaji. Kilo moja ya barafu iliyo katika nyuzi 0 za Sentigredi, ili iyeyuke, huhitaji joto karibu sawa na lile liwezalo kuipandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hata nyuzi 80. Joto hilo lote huingia, na barafu haipati moto. Hujificha katika kuyeyuka kwenyewe, na maji yagandapo hulirudisha. Nta ya mishumaa hufanya vivyo hivyo, na ziko nta za jamii yake ziyeyukazo katika nyuzi 28. Ikitiwa ukutani, nta ya namna hiyo hulinywa joto la adhuhuri, na usiku wa baridi hulitoa inapoganda. Haina mtambo, haili makaa, haipigi kelele. Kwa nchi ya mapaa ya mabati hiyo si habari ndogo.

Lakini nta iliyoyeyuka huvuja. Kwa hiyo mafundi waliitafutia kiunzi cha polima, yaani dutu ya minyororo mirefu kama ile ya plastiki, kiishike kama sifongo ishikavyo maji. Nta huyeyuka ndani, na umbo la nje halibadiliki. Wengine waliichanganya nta na plastiki ya mitungi, iyeyukayo karibu na nyuzi 130. Walakini mchanganyiko huo aghalabu hutoka jasho la nta kidogo kidogo. Ndipo wengine wakaifunga minyororo kwa mafundo ya kudumu, wakashangilia. Ugomvi wangu nao unaanzia hapo.

Fundo la kudumu utaliona katika akala. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kuwa mpira ukipikwa pamoja na salfa huwa imara. Salfa huifunga minyororo ya mpira, na tairi hutengenezwa kwa njia hiyo. Fundi wa akala hulikata tairi kuukuu kwa kisu. Haliyeyushi akalisubu kiatu, kwa kuwa haliyeyuki. Likizidishiwa moto huungua tu. Samli huyeyuka ikaganda mara uzitakazo, lakini yai lililochemshwa halirudi kuwa bichi. Kiunzi cha mafundo ya kudumu ni yai. Tena akala ni sifa ya fundi wala si sifa ya tairi. Na nani atauvaa ukuta wa nta?

Hujibiwa kuwa ukuta utadumu. Mwaka 1948, katika mji wa Dover, Massachusetts, Marekani, mwanasayansi Maria Telkes aliipasha nyumba moto kwa nguvu ya jua, joto likihifadhiwa katika chumvi ya Glauber, iyeyukayo karibu na nyuzi 32. Ilikuwa kazi tukufu. Hata hivyo, baada ya majira machache ya baridi chumvi ilijitenga ndani ya vyombo vyake, ikaacha kuyeyuka na kuganda kama mwanzo, ikabidi iondolewe. Ingekuwa nta katika kiunzi kisichofunguka, ingepelekwa wapi? Sisi twapajua. Jaa la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na taka ziliendelea kumiminwa juu yake. Nayo mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017 haikupatwa na hayo kwa kushindwa kubeba. Ilibeba vizuri sana.

Yamkini nitaambiwa kuwa fundo lifungukalo ni ghali. Sikatai. Lakini bei isiyohesabu gharama ya kukizika kitu ni nusu ya bei, na nusu ya pili hulipwa na mtu ambaye hakukinunua.

Wala sidai lisilowezekana. Mwaka 2011 Ludwik Leibler na wenzake nchini Ufaransa walieleza polima ambayo mafundo yake, ikipashwa moto mkali, hubadilishana wenzi bila ya wavu wenyewe kukatika. Tangu hapo wachunguzi wametia mafundo ya jinsi hiyo katika vitu vya kuhifadhi joto: hushika wakati nta inapoyeyuka, hulegea katika moto ulio mkali zaidi. Kitu hicho chaweza kusagwa, kikashindiliwa katika kalibu ya moto, kikatoka kipande kipya.

Wewe usomaye kemia leo, huenda siku moja mwuzaji atakuletea kipande cha ukuta wa nta, akueleze kinashika joto kiasi gani. Msikilize kwa adabu. Kisha muulize ni moto gani utakaoyafungua mafundo yake. Na akijibu kwa majivuno kuwa hakuna, mrudishie kipande chake.